Karatasi ya Sahihi Mbili

Diplome yangu nimeitundika juu, mkabala na mlango, ili kila anayeingia kunisalimia aanze kwa kuinua kichwa. Watu husema ni majivuno. Ni kweli, na sioni haya. Nilizaliwa hapa hapa Kalemie, nyuma ya stesheni, katika nyumba ambayo hakuna aliyekuwa amevuka darasa la sita. Nilivuka ziwa na begi moja, nikafika Kigoma, nikabeba magunia bandarini, nikaosha sahani hotelini, nikasoma jioni mpaka chuo kikanipokea. Baada ya miaka saba nilirudi na cheti cha kutibu viungo na misuli ya wanamichezo. Sikutumwa na mjomba wala na misheni. Nilijituma mwenyewe.

Niliporudi, timu ya wanawake ya mtaa wetu ilinichukua kuwa mtunzaji wa wachezaji. Kabla yangu, kazi hiyo ilifanywa na ndoo ya maji na mama yeyote aliyekuwa karibu. Mimi nilileta bandeji, barafu na utaratibu. Niliweka sheria kwamba mchezaji aliyeumia harudi kiwanjani bila karatasi yenye sahihi yangu, na komite ikakubali. Mama za wachezaji waliniita Docta wa Magoti. Mwanzoni niliwaeleza kwamba mimi si daktari. Baadaye niliacha, kwa sababu jina lilikuwa tamu.

Beki wetu wa kati alikuwa na miaka ishirini na miwili. Asubuhi alimsaidia mama yake kuuza samaki wa mikebuka sokoni, mchana alikuwa kiwanjani. Baba yake alikuwa kapita, msimamizi wa mafundi wa reli, aliyestaafu, mtu aliyetumia maisha yake kukagua njia ya treni kati ya hapa na Kabalo. Mtaa mzima ulijua habari za msichana huyo, kwa sababu timu moja ya Lubumbashi ilikuwa imetuma ujumbe kwamba mtu wao atakuja kumtazama katika fainali. Akimpenda, atampeleka kule, atapewa chumba, ataendelea na masomo aliyokuwa ameyaacha njiani. Kwetu bahati ya namna hiyo haipigi hodi mara mbili.

Jumapili moja kabla ya fainali tulicheza nusu fainali. Kona ikapigwa, beki wetu akaruka, mshambuliaji wa upande wa pili naye akaruka, na vichwa vikagongana. Nilisikia mlio kutoka pembeni ya kiwanja, kama wa vibuyu viwili vitupu vikigongana. Alianguka, akalala kidogo, akaketi. Nilipomfikia akaniuliza, “Docta, tunaongoza?” Nikamwambia ndiyo, mbili kwa moja. Akasimama, akapangusa vumbi, akaendelea kucheza, na watu wakashangilia.

Karibu na mwisho wa mechi alipita karibu yangu akiufuata mpira wa kurusha. Akaniuliza tena, “Tunaongoza?” Matokeo hayakuwa yamebadilika. Nikacheka, nikadhani ni hamu ya ushindi.

Mechi ilipokwisha, mama za wachezaji walifanya kama desturi yetu inavyotaka. Anayegongwa kichwa humwagiwa maji ya ziwa utosini, kisha hupewa chai yenye sukari nyingi hata kijiko kinakaribia kusimama chenyewe. Walinitazama wakitegemea niwakataze, kwa sababu mimi hukataza mambo mengi. Siku hiyo sikukataza. Niliwapa somo. Niliwaeleza kwamba ubongo ni kiungo kidogo kinachokula kuliko ukubwa wake, na chakula chake ni sukari. Ukitikiswa, unakula zaidi. Mama hawa, nilisema, wamegundua kwa mikono yao kile ambacho mimi nilikwenda kukitafuta ng'ambo ya ziwa. Walifurahi sana. Mmoja alisema kwamba kumbe naye ana diplome, ila hajaitundika.

Kesho yake nikaongeza ya kwangu. Nilimletea beki kopo la glukosi na chupa ya asali ya Kirungu, nikamwagiza anywe kikombe asubuhi, mchana na jioni. Jumanne akasema kichwa hakimuumi. Jumatano nikamwita chumbani kwangu kumpima. Alisimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. Alitaja miezi kutoka Desemba kurudi nyuma. Nilimpa maneno matano ayashike, nikamzungumzisha mambo mengine, kisha nikamwomba ayarudishe, naye akayarudisha yote kwa mpangilio. Nikachukua kalamu. Sahihi yangu ina mkia mrefu unaorudi nyuma na kupigia mstari jina. Nilijifunza kuitia hivyo nilipokuwa bado naosha sahani, kwa sababu nilijua siku moja nitahitaji sahihi nzuri.

Alhamisi, saa za asubuhi, baba yake akaja. Alikuwa amevaa koti lake la reli lenye vifungo vya shaba, lile analovaa kanisani. Alisimama mbele ya diplome, akaisoma yote mpaka mhuri. Kisha akaketi, akauliza habari za nyumbani, za wagonjwa wangu, za mvua. Nilijua ana jambo, kwa sababu wazee wa reli hawatoki nyumbani asubuhi kwa ajili ya mvua.

Hatimaye akasema kwamba jana yake binti aliteleka maji ya bukari, ugali wetu, kwenye mbabula ya makaa, akatoka kuketi nje, maji yakakauka mpaka sufuria ikaungua. Akaja, akamwaga maji mengine, akatoka tena, yakakauka tena. Mara ya tatu ni mama yake aliyepika. Tena amefunga kitenge dirishani kwa sababu jua linamchoma macho. Na sauti ya redio, ambayo zamani ndiye aliyekuwa akiipandisha, sasa anaomba izimwe.

“Mama yake amenyamaza kwa sababu ya Lubumbashi,” akasema. “Mimi nimeshindwa kunyamaza.”

Niliudhika. Nilimwambia kwa heshima, lakini nilimwambia, kwamba nimempima kwa kipimo cha kitaalamu. Akaniuliza kipimo gani. Nikaanza kumweleza habari ya maneno matano, na kabla sijayataja, mzee akayataja yeye.

“Mashua, chumvi, jiwe, kitenge, mlango.”

Nikamuuliza ameyapata wapi.

“Wanayaimba wakipara samaki, Docta. Timu nzima. Hata mama yake anayajua.”

Misimu miwili nilikuwa nimempima kila mchezaji kwa maneno yale yale matano. Sikuwa nimefikiria kwamba wasichana hawa huzungumza wao kwa wao. Nilihisi moto shingoni, na mtu mwenye moto shingoni hasikilizi vizuri.

Mzee hakucheka. Alianza kunisimulia kazi yake. Treni ikiacha reli, alisema, wanaume huja na majeki na magogo, wanaiinua siku nzima mpaka magurudumu yakae tena juu ya chuma. Hapo abiria hupiga makofi na dereva hutaka kuondoka. Ukiitazama, njia imepona. Lakini chini kokoto zimehama, mataruma yamelegea, na jicho la dereva halioni. Basi treni hupita hapo kwa mwendo wa mguu, siku hadi siku, mpaka njia itulie. Na mkubwa wa biro, yule wa ofisini, hakuwa na ruhusa ya kuifungua njia peke yake. Karatasi ilikuwa na sahihi mbili, ya mkubwa, na ya mtu aliyeitembelea sehemu ile kwa miguu yake.

“Wewe umetia sahihi yako,” akasema. “Nani ametembea?”

Nilimjibu vibaya. Nilisema, “Papa, kichwa si reli.”

Akainuka taratibu, akafunga kifungo cha koti.

“Njo vile, Docta. Kichwa si reli. Reli nilikuwa naweza kuibadilisha.”

Alipotoka nilitoa daftari langu la chuo kutoka chini ya kitanda. Nakiri kwamba sikulitoa ili kujifunza. Nililitoa ili nimwonyeshe mzee yule kwamba nilikuwa sahihi. Nikafungua penye somo la mtikisiko wa ubongo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa kama nilivyoukumbuka, kwamba ubongo ukitikiswa hutumia sukari nyingi kupita kawaida. Swali la mtihani lilikuwa limetoka hapo, na mimi ndiye niliyepata alama ya juu darasani. Baada ya mtihani ule sikuwa na sababu ya kufungua ukurasa wa pili.

Ukurasa wa pili ulikuwa kwa mwandiko wangu mwenyewe, na nilikuwa nimeupigia mstari. Ulisema kwamba pigo hulegeza kuta za chembe za ubongo, chumvi zinazopaswa kukaa nje huingia ndani, na zile za ndani hutoka. Chembe hazina budi kuzirudisha kila moja mahali pake, na kazi hiyo ndiyo inayoteketeza sukari siku ya kwanza. Damu nayo huja kidogo kuliko inavyohitajika. Kisha hufuata kipindi kingine. Majiko madogo ya ndani ya chembe, yale yanayogeuza chakula kuwa nguvu, yamechoka na kuzidiwa, na sasa ubongo unatumia sukari chini ya kawaida. Sukari inaweza kuwapo tele, lakini hakuna mkono wa kuitumia. Hali hiyo hudumu siku nyingi, pengine majuma, na maumivu yanaweza kuisha kabla yake. Mstari wa mwisho ulisema kwamba pigo la pili katika kipindi hicho hukuta ubongo usio na akiba ya kujitetea.

Niliusoma mara mbili. Mara ya tatu sikuusoma, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeuelewa.

Safari ile ya kwanza ya kwenda Kigoma, wimbi liliingia katika boti yetu katikati ya ziwa. Injini haikuzima, lakini maji yalitufika magotini. Wanaume wote tulichota, wengine kwa beseni, mimi kwa sufuria ya mama mmoja asiyenijua, kuanzia asubuhi mpaka jua lilipokuwa utosini. Tulikuwa na njaa ya ajabu. Kila kilicholiwa kilikwisha papo hapo. Maji yalipokwisha kutoka, boti ilionekana kavu, na mtu wa ufukweni angeitazama angesema ni boti nzima inayokuja. Mwenye boti akatugawia biskuti. Nikaipokea yangu, nikaishika, na sikuweza kuifikisha mdomoni. Mikono ilikuwa imekufa. Naikumbuka biskuti ile ikitetemeka mbele ya uso wangu. Tuliomba Mungu wimbi la pili lisije, kwa sababu beseni zilikuwapo na biskuti zilikuwapo, lakini hapakuwa na wa kuchota.

Hivyo ndivyo kilivyokuwa kichwa cha msichana yule. Mimi nilikuwa nikimpelekea biskuti, asubuhi, mchana na jioni. Na Jumapili ningempeleka mbele ya wimbi la pili, na karatasi yenye mkia mrefu.

Ijumaa komite ilikutana katika chumba cha mbele cha nyumba ya prezida wa timu. Nilisema nataka karatasi yangu. Prezida alidhani ninataka kuongeza mhuri. Nikawaeleza kwamba nilikosea, beki hajapona. Prezida akasema kwamba sahihi ni sahihi, na mtu wa Lubumbashi yuko njiani. Mama mmoja, yule yule wa diplome isiyotundikwa, akauliza kama ule usemi wangu wa sukari ulikuwa wa uongo. Nikamwambia ulikuwa wa kweli, ila nusu.

“Na diplome yako inasema nini leo?” akauliza. Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

“Inasema nilisoma ukurasa mmoja,” nikajibu.

Sijawahi kusema sentensi ngumu kama ile, na nimeshasema nyingi mbele ya wakaguzi wa mpakani. Walinirudishia karatasi, nikaichana. Nilipogeuka, beki alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Alisema kwa sauti ya chini:

“Mimi nilikuwa najua sijapona. Wewe uliposema nimepona, nilikuamini kuliko kichwa changu.”

Akaondoka. Mama yake hakunisalimia sokoni siku tatu. Ya nne aliniuliza kama binti anaruhusiwa kula pilipili, nikajua tumeanza kusalimiana.

Fainali alikaa karibu yangu pembeni ya kiwanja, amevaa kofia ya baba yake kujikinga na jua. Tulifungwa bao moja. Lilitoka kwenye kona, na mpira ulipita pale pale ambapo yeye husimama. Hakuna aliyenitazama, na kila mmoja alijua kwamba hakuna aliyenitazama. Mtu wa Lubumbashi alikuwa mpole. Aliandika jina la winga wetu wa kushoto, akamsikiliza beki akieleza yaliyompata, akasema huenda atarudi kiangazi. Mpaka ninapoandika haya hajarudi. Ningependa kuandika vingine, lakini sikujipatia elimu ili nije kuandika uongo.

Tukaanza kazi ya polepole. Niliacha kopo la glukosi, akanywa chai kama watu wengine. Siku mbili za kwanza alipumzika, si gizani kama mgonjwa, bali kwa utulivu, bila mpira na bila kelele. Kisha matembezi kando ya ziwa, baba yake nyuma hatua kumi, mikono mgongoni, kama anayekagua njia. Kisha mwendo wa haraka. Kisha kukimbia kidogo. Kichwa kikigonga, tunarudi hatua moja. Maneno matano nilimwachia mzee ayaandike, akayafunga katika bahasha, mapya kila mara. Aliandika maneno kama koleo, filimbi na Nyunzu, stesheni ya njia yake, na mara ya kwanza binti alirudisha matatu tu. Hakuna aliyeimba.

Mambo hayo nilikuwa nayo katika daftari. Kilichonisumbua ni kingine. Hapa Kalemie hatuna mashine ya kuona majiko yale yanawakaje. Hata penye mashine, picha ya kawaida ya kichwa mara nyingi haionyeshi kitu, kwa sababu hakuna kilichovunjika, kuna kilichochoka. Kwa hiyo chombo changu kikubwa ni neno la mgonjwa. Na mimi, kwa mtihani wangu wa nyimbo na kwa sahihi yangu iliyopendeza, nilikuwa nimewafundisha wachezaji wote kunidanganya vizuri.

Nikatengeneza karatasi mpya. Chini yake kuna mistari miwili. Wa kwanza ni wangu. Wa pili ni wa mchezaji, na juu yake nimeandika: Nimetembea njia hii kwa miguu yangu, imetulia. Komite walisema ni maneno ya reli. Nikasema ndiyo.

Wiki ya nne nilimwona yuko sawa. Alikimbia, aliruka, alirudisha maneno matano ya mzee pamoja na mawili ambayo mzee aliyaongeza kwa ukaidi. Mechi ilikuwa Jumamosi. Nikatia sahihi yangu kwenye mstari wa kwanza, mkia na kila kitu, mbele ya wenzake na mama zao. Nikampa kalamu.

Aliishika muda mrefu. Wenzake walianza kumtania kwamba amesahau jina lake.

“Bado,” akasema. “Jana nilipokimbia mpaka darajani, maandishi ya kwenye ukuta wa duka yalikuwa yanacheza.”

Mama zao wakaguna. Mmoja akasema ukuta ule wenyewe umepinda. Mimi nilichukua kalamu, nikafuta sahihi yangu kwa mstari mmoja, na nawaambia ninyi mnaosoma kwamba sijawahi kuipenda sahihi yangu kama nilivyoipenda ikiwa imefutwa. Mtu ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa tayari kukariri maneno ili aumie, sasa alikuwa na kalamu mkononi na alisema kweli.

Juma lililofuata alisema bado. Juma lililofuata tena aliitia, herufi ndogo zilizonyooka, bila mkia wowote. Baba yake alikuwapo. Aliiangalia karatasi kama alivyoiangalia diplome yangu, mpaka mwisho, akairudisha, akaenda kukaa kwenye benchi la pembeni ya kiwanja na koti lake la vifungo.

Mechi ikaanza, kona ya kwanza ikapigwa. Beki wetu aliruka, akaupiga mpira kwa kichwa, ukarudi mpaka katikati. Alishuka kwa miguu miwili. Nilikuwa nimekwisha kusimama.

Akaja akikimbia mpaka pembeni, akaniangalia machoni.

“Docta, tunaongoza?”

Nikainua mkono kuomba abadilishwe. Kisha nikakumbuka kwamba habari ya swali lile nilimsimulia mimi mwenyewe, kwa kuwa yeye hakukumbuka kwamba aliuliza. Nikaona meno yake.

“Bila kwa bila,” nikamwambia. “Kama ulivyokuwa unajua.”

Alirudi kiwanjani akicheka, na baba yake nyuma yangu akacheka pia, kwa mara ya kwanza tangu aje kuzungumza nami habari za mvua.